Nani Alimpaka Panya Rangi Nyeusi?

Kusini mwa Arizona, karibu na mpaka wa Marekani na Meksiko, jangwa la mchanga na mawe ya rangi hafifu linakatizwa ghafla na uwanja mpana wa mawe meusi. Hayo ni mabaki ya lava ya volkano za Pinacate, iliyotiririka na kuganda chini ya miaka milioni moja iliyopita, muda ambao kwa wanajiolojia ni kama juzi tu. Jangwani humo huishi panya mdogo anayebeba mbegu kwenye mifuko ya mashavu yake. Walio mchangani wana manyoya ya rangi ya mchanga. Walio juu ya lava, kilomita chache tu kutoka hapo, wengi ni weusi, isipokuwa tumboni. Tumboni wote ni weupe.

Swali linalomjia mtu upesi ni hili: panya alijuaje kwamba mawe ya hapo ni meusi? Hakujua, wala hakuhitaji kujua. Na hilo tumbo jeupe, ambalo ni rahisi kulipuuza, ndilo linaloeleza kazi yote ilivyofanyika. Adui mkubwa wa panya huyu ni bundi, na bundi hushuka kutoka juu. Anachokiona ni mgongo; tumbo halimhusu. Basi mgongo ukabadilika, tumbo likabaki lilivyokuwa. Fundi mwenye mpango wa kumfanya panya awe mweusi huenda angempaka mwili mzima. Aliyeifanya kazi hii hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na njaa na macho makali, basi.

Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoitwa uteuzi asilia. Wazo hili lilisomwa hadharani mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1858 jijini London, katika maandishi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, watu wawili waliolifikia kila mmoja kwa njia yake. Mwaka uliofuata Darwin akalieleza kwa urefu katika kitabu. Ukilichambua utakuta mambo matatu ambayo hakuna hata moja la ajabu. Kwanza, viumbe wa aina moja hawafanani kabisa: huyu amekolea rangi kidogo, yule amepauka. Pili, sehemu ya tofauti hizo hurithiwa, kwa hiyo mtoto wa aliyekolea huelekea kukolea. Tatu, si wote wanaofikia umri wa kuzaa, na mara nyingine tofauti hizo ndizo zinazoamua nani atafika na nani ataliwa njiani. Mambo haya yakikutana, kizazi kinachofuata hakiwezi kuwa nakala kamili ya kile kilichotangulia. Rangi ya walioliwa hupungua, ya waliosalia huongezeka. Hakuna panya hata mmoja aliyebadilika rangi akiwa hai. Kilichobadilika ni hesabu ya panya wa rangi hii na ile katika kundi.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, na sidhani ni kosa lao. Lugha ya kila siku hutusukuma kusema mnyama "amejibadilisha ili asionekane", kana kwamba alikaa akafikiri. Hata wataalamu husema hivyo wakichoka. Ila ukiling'ang'ania neno "ili" utapotea, kwa sababu mabadiliko ya jeni hayaji kwa kuitwa. Huzuka kwa bahati, jeni zinaponakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto na kosa dogo likapita. Mengi hayana athari yoyote, mengine hudhuru, machache hufaa mahali fulani. Badiliko linaloleta manyoya meusi linaweza kuzuka kwa panya wa mchangani pia. Tofauti ni kwamba kule mchangani bundi humwahi.

Mwaka 2003 kundi la watafiti lililoongozwa na Michael Nachman lilichunguza jeni za panya wa Pinacate. Katika jeni iitwayo Mc1r, ambayo huelekeza aina ya rangi inayowekwa kwenye unywele, panya weusi walikuwa na tofauti nne za protini ambazo weupe hawakuwa nazo. Hilo peke yake linavutia. Linalovutia zaidi ni kwamba katika uwanja mwingine wa lava, kule New Mexico, panya wa spishi hiyohiyo ni weusi vilevile lakini hawana tofauti hizo kwenye Mc1r. Weusi wao umetoka kwingine kabisa. Makundi mawili yamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, jambo linaloeleweka ukikumbuka nani anayechagua: bundi haulizi weusi umeandikwa kwenye jeni ipi.

Je, bundi anaona vizuri kiasi hicho gizani? Mmarekani Lee Dice aliliuliza swali hilo zamani. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1947, aliwaachia bundi panya wa rangi mbili kwenye chumba chenye udongo wa rangi iliyofanana na wamoja na kutofautiana na wengine. Hata kwenye mwanga hafifu sana, walionaswa zaidi walikuwa wale waliopishana na udongo.

Watu pia hushindwa kuamini kwamba faida ndogo inaweza kufanya kazi kubwa. Tufanye hesabu rahisi, tukiweka kando ugumu wa jeni kurithiwa mbilimbili. Chukua kundi ambalo mmoja tu kati ya mia ni mweusi, na useme kila kizazi weusi huacha watoto 1% zaidi ya weupe. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Ungekaa na kundi hilo maisha yako yote usiigundue. Hata hivyo, baada ya vizazi 900 na ushei, ni mmoja tu kati ya mia ambaye hatakuwa mweusi. Faida ikiwa 10%, vizazi mia vinatosha. Kwa mnyama anayezaa kila mwaka, miaka 900 mbele ya umri wa lava ni kufumba na kufumbua.

Mfano unaojulikana kuliko yote hautoki jangwani. Unatoka kwenye miji ya viwanda ya Uingereza, na nitaukalia kidogo kwa sababu umepitia misukosuko ambayo vitabu vingi vya shule havielezi.

Kuna nondo ambaye kwa kawaida ni mweupe mwenye madoadoa meusi, kama aliyenyunyiziwa pilipili. Akitua kwenye gome lililoota likeni, ule ukungu mkavu wa kijivu unaotapakaa juu ya miti, jicho humpita. Mwaka 1848 alinaswa Manchester nondo wa aina hiyo mweusi mwili mzima. Wakati huo viwanda vilikuwa vikichoma makaa ya mawe mchana na usiku. Moshi uliua likeni, na masizi yakayafanya magome kuwa meusi. Kufikia mwaka 1895, nondo 98 kati ya kila 100 Manchester walikuwa weusi. Nondo huyu huzaa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo yote hayo yalitokea katika vizazi visivyofika hamsini. Mwaka 1924 J. B. S. Haldane alipiga hesabu akaona kwamba, ili mabadiliko yaende kasi hiyo, weusi walipaswa kuacha watoto karibu mara moja na nusu ya weupe. Wengi walidhani hesabu hiyo haiwezekani. Uteuzi wa asili, waliamini, hauna nguvu hivyo.

Mwaka 1953 Bernard Kettlewell aliwatia alama nondo wa rangi zote mbili, akawaachia katika msitu uliochafuliwa karibu na Birmingham, kisha akawanasa tena usiku kwa taa na mitego. Weusi waliorudi walikuwa kama 27% ya aliowaachia, weupe 13%. Mwaka 1955 alirudia Dorset, ambako hewa ilikuwa safi na magome yana likeni, na matokeo yakageuka: safari hii weupe ndio waliosalia zaidi. Niko Tinbergen aliwapiga picha za filamu ndege wakiwadonoa nondo kwenye mashina, na hapo waliokuwa wakisema ndege hawali nondo hao wakakosa la kusema.

Baadaye ukaja ukosoaji, na ulikuwa na msingi. Kettlewell aliwaweka nondo kwenye mashina mchana, wakati wao huchagua pa kutua usiku, tena mara nyingi juu zaidi, kwenye matawi. Aliwaachia wengi mno mahali pamoja. Baadhi ya picha maarufu za vitabuni zilipigwa kwa nondo waliokufa waliobandikwa kwenye gome. Wapinzani wa nadharia ya mageuko waliyachukua makosa hayo wakatangaza kwamba hadithi nzima ni ya kubuni.

Aliyejibu kwa njia inayofaa, yaani kwa kurudia jaribio vizuri zaidi, ni Michael Majerus wa Cambridge. Kuanzia 2001 hadi 2007 aliwaachia nondo 4,864, wachache kwa kila usiku, akawaacha watue wanapotaka, na alfajiri akatazama kwa darubini nani ameliwa na nani. Aliona pia mahali nondo wanapopumzika hasa: karibu nusu kwenye matawi, zaidi ya theluthi kwenye mashina. Wakati huo hewa ya Uingereza ilikuwa imesafishwa kwa sheria zilizoanza mwaka 1956, na miti imerudia rangi yake. Ndege wa spishi tisa walionekana wakila nondo, na kwa siku moja uwezekano wa mweusi kusalia ulikuwa pungufu kwa takriban 9% ukilinganishwa na mweupe. Majerus alifariki mwaka 2009, na wenzake wakayachapisha matokeo mwaka 2012. Nondo weusi, waliokuwa wametawala Manchester, leo ni nadra Uingereza nzima. Kwangu mimi huko kurudi nyuma ndiko kunakoshawishi kuliko namba yoyote. Mazingira yalibadilika kuelekea upande mmoja, rangi ikafuata. Yakageuka, rangi nayo ikageuka.

Mwaka 2016 watafiti wa Liverpool waliipata herufi yenyewe, kwa kusema hivyo. Kipande cha DNA chenye uwezo wa kuhama, kirefu kama herufi 22,000, kilijipachika ndani ya jeni iitwayo cortex, na makadirio yao yanaliweka tukio hilo karibu na mwaka 1819. Kwa maneno mengine, weusi ulizuka miaka ishirini na ushei kabla ya mtu kumwona nondo wa kwanza mweusi, na haukuzuka kwa sababu ya moshi. Moshi uliukuta tayari upo.

Nondo huyo ana kituko kingine. Akiwa bado kiwavi hufanana na kijiti, na hubadilisha rangi ifuate ya kijiti alichokalia, kahawia au kijani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, viwavi walipakwa rangi machoni wasione kitu. Waliendelea kufanana na vijiti vyao. Ngozi yenyewe inahisi rangi. Hapa tuwe waangalifu tusichanganye mambo mawili: kiwavi anabadilika akiwa hai, nondo habadiliki. Lakini ule uwezo wa kubadilika ni urithi, na wenyewe ulichujwa na midomo ya ndege kwa namna ileile.

Turudi kwenye macho, maana huko ndiko neno "kujificha" linakopata maana. Rangi haifichi mnyama dhidi ya kila mtu. Inamficha dhidi ya jicho fulani. Chui milia ni mfano mzuri. Kwa macho yetu ni mnyama wa rangi ya chungwa katikati ya majani ya kijani, na unaweza kujiuliza anakamataje chochote. Ila sisi tuna aina tatu za seli za kupokea rangi machoni, na kulungu na nguruwe mwitu anaowawinda wana mbili tu. Wao hawatofautishi vizuri rangi ya chungwa na kijani. Machoni mwao chui milia ni kivuli chenye mistari kati ya majani. Mtu atauliza kwa nini basi asiwe wa kijani kabisa. Manyoya ya wanyama wanaonyonyesha hupata rangi kutoka aina mbili za melanini, moja ya weusi na kahawia, nyingine ya wekundu na manjano. Kijani hakimo. Uteuzi hauwezi kuchagua kisichokuwepo, na kwa kuwa mawindo hayaoni tofauti, hakuna kilichopungua.

Pweza na ngisi wanatuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Ngozi yao imejaa vifuko vidogo vya rangi vinavyovutwa na misuli, na misuli hiyo inaamriwa moja kwa moja na ubongo, kwa hiyo mnyama hubadili sura chini ya sekunde moja. Lakini macho ya wengi wao yana aina moja tu ya kipokezi cha mwanga. Kwa kipimo chetu ni vipofu wa rangi. Mnyama anayeiga rangi kwa ustadi mkubwa hivyo, pengine hajawahi kuiona.

Kufanana na mahali ulipo ni njia moja tu ya kujificha, na si lazima iwe bora. Mnyama akiwa na rangi inayolingana kabisa na ardhi bado ana ukingo na bado ana kivuli, na jicho hukamata umbo kabla ya rangi. Ndiyo maana wengi wana madoa makali yanayofika hadi ukingoni mwa mwili na kuukatakata. Hugh Cott, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, alilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1940. Mwaka 2005 watafiti wa Bristol waliliweka kwenye mizani: walikata karatasi za pembetatu kama mabawa ya nondo, wakazichapa madoa, wakazibana kwenye miti zikiwa na funza wa kuliwa. Zilizokuwa na madoa yanayokata ukingo zilidumu kuliko zile zenye madoa ya aina hiyohiyo yaliyowekwa ndani tu. Ndege walikuwa wakitafuta umbo.

Kivuli nacho kina dawa yake. Mwanga hutoka juu, kwa hiyo kitu cha rangi moja huonekana cheupe juu na cheusi chini, na jicho hutambua mara moja kwamba hicho ni kitu cha duara. Swala, papa na samaki wengi wamegeuza mpango huo: mgongo umekolea, tumbo limepauka, na tofauti ya mwanga inafutika. Aliyelieleza hili kwa uwazi ni Abbott Thayer, mchoraji wa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa sahihi, kisha akapitiliza. Katika kitabu cha mwaka 1909 alitaka kila rangi ya kila mnyama iwe ya kujificha, akafikia kudai kwamba flamingo ni wa waridi ili wapotee kwenye wekundu wa machweo. Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa ametoka tu madarakani, alimshambulia kwa maandishi marefu, na kwa flamingo ninamuunga mkono Roosevelt. Lakini wazo la kivuli limesimama, na ushahidi wake unaonifurahisha zaidi ni kambale mmoja wa mto Kongo anayeogelea chali. Kwake tumbo ndilo linalotazama juu, na tumbo ndilo lililokolea rangi.

Rangi haifanyi kazi peke yake pia. Ndege wa usiku anayeitwa kirukanjia hutaga chini bila kujenga kiota na kukaa hapo mchana kutwa, akionekana kama majani makavu. Utafiti uliofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha ndege huyo na ndege wengine wa ardhini wanaokimbia mapema adui akija. Kwa virukanjia, waliotulia juu ya mayai, kilichoamua mayai yatasalia ni manyoya ya mzazi kufanana na mahali. Kwa wale wanaokimbia, kilichoamua ni rangi ya mayai yenyewe, kwa maana ndiyo yaliyobaki kuonekana. Baadaye ikaonekana kwamba ndege mmojammoja huchagua sehemu inayolingana na manyoya yake au mayai yake kuliko sehemu nyingine za jirani. Wanajuaje? Uwezo huo ukirithiwa, huchujwa na meno ya maadui kama rangi inavyochujwa.

Hapa inafaa kuwatoa wawili kwenye orodha. Kinyonga, ambaye kila mtu humtaja kwanza, hana sifa anayopewa. Anajificha vizuri akiwa ametulia, kweli, lakini mabadiliko yake makubwa ya rangi hutokea anapogombana na dume mwenzake, anapochumbia au anapotaka joto. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba ngozi yake ina fuwele ndogo mno ambazo nafasi kati yake hupanuka na kubana, na rangi inayorudishwa hubadilika. Zaidi ya kujificha, anazungumza. Punda milia naye: wazo kwamba milia humficha dhidi ya simba halijasimama vizuri, kwa kuwa kutoka mbali, hasa magharibi inapoingia, simba haoni milia hata kidogo, na akikaribia kiasi cha kuiona atakuwa amekwisha kumsikia na kumnusa. Ushahidi ulioelemea upande mmoja zaidi ni wa pange, wale inzi wakubwa wanaofyonza damu. Farasi waliovishwa vitambaa vya milia walituliwa na inzi wachache kuliko waliovishwa rangi moja.

Kama kutoonekana ni faida kubwa hivi, kwa nini dunia imejaa viumbe wa rangi za kung'aa? Kwa sababu kusalia hai ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzaa. Katika mito ya Trinidad kuna samaki mdogo aitwaye gapi, na madume yake yana madoa ya rangi ambayo majike huyapenda. John Endler aliwafuga kwenye madimbwi yenye kokoto kubwa au ndogo, baadhi yakiwa na samaki hatari na mengine bila. Matokeo aliyachapisha mwaka 1980. Palipokuwa na adui, madoa yalipungua chini ya miaka miwili na ukubwa wake ukaelekea kulingana na kokoto za chini. Pasipo na adui yaliongezeka, tena yakawa ya ukubwa usiolingana na kokoto, yaani yakaelekea kuonekana. Dimbwi ni lilelile, samaki ni walewale. Kilichoondolewa ni jicho la anayewala, na jicho la jike likashika nafasi.

Anayewinda naye hajakaa bure. Ndege anayekula wadudu wa aina moja kwa wingi hujifunza sura yao na kuanza kuwaona upesi, hivyo kuwa wa kawaida kunakuwa hatari. Alan Bond na Alan Kamil wa Nebraska waliwafundisha ndege kudonoa picha za nondo kwenye skrini. Picha zilizokosa kudonolewa ziliruhusiwa "kuzaa" zikichanganya sifa zao. Kadiri vizazi vilivyopita, nondo hao wa kompyuta walizidi kuwa wagumu kuonekana, na pia walizidi kutofautiana wao kwa wao. Kundi la mawindo lenye sura nyingi humchosha anayetafuta, na hapo tunapata jibu la kwa nini uteuzi haukomi kwenye rangi moja kamilifu.

Hivi sasa kuna sungura wanaoonyesha upande mchungu. Sungura wa theluji wa Amerika Kaskazini huwa kahawia kiangazi na mweupe wakati wa baridi, na saa ya kubadilisha koti huipata kwenye urefu wa mchana. Kwa maelfu ya miaka mchana ulipofupika, theluji ilifuata. Siku hizi theluji huchelewa kuja na kuwahi kuyeyuka, lakini mchana unafupika vilevile kama zamani, na sungura mweupe anajikuta kwenye ardhi ya kahawia. Watafiti waliowafunga redio sungura kule Montana waliona, katika matokeo ya mwaka 2016, kwamba nafasi ya kusalia kwa wiki hupungua kwa kiasi kinachofikia 7% kwa waliopishana na ardhi kupita kiasi. Rudi kwenye hesabu ya panya wetu uone 7% kwa wiki ni kitu gani.

Je, wataweza kufuata? Inategemea kama malighafi ipo. Karibu na pwani ya Pasifiki, ambako theluji ni chache, wapo sungura wa spishi hiyohiyo wanaobaki kahawia mwaka mzima. Mwaka 2018 ilibainika kwamba jeni inayowafanya hivyo waliipata zamani kwa kuzaana na sungura wa spishi nyingine isiyogeuka kuwa nyeupe. Mahali zinapokutana jamii za kahawia na nyeupe, uteuzi una cha kuchagua. Mahali ambapo wote ni weupe, itabidi badiliko lizuke au lihame kutoka kwa jirani, na hakuna ratiba ya jambo hilo.

Sisi nasi ni jicho mojawapo. Katika milima ya kusini-magharibi mwa China huota mmea mfupi ambao kitunguu chake kimechimbwa kwa ajili ya dawa kwa zaidi ya miaka 2,000. Watafiti waliochapisha mwaka 2020 walikuta kwamba mahali usipochimbwa sana majani yake ni ya kijani kibichi, na mahali unapochimbwa zaidi ni ya kijivu na kahawia kama mawe yanayouzunguka. Hawakupata dalili ya wanyama wanaoula. Kisha waliwapa watu picha za mimea hiyo kwenye skrini wapime nani anaona haraka, na iliyotoka sehemu zenye wachimbaji wengi ndiyo iliyowachukua muda mrefu zaidi kuiona.